Mrejesho: kugeuza arei kuwa stringi kwenye JavaScript

Wakuu, salamu kutoka Mbeya. Niliuliza namna ya kugeuza arei (orodha ya vitu) ya vituo vya kununulia viazi kuwa stringi (maandishi) moja, kisha kuirudisha ilivyokuwa.

`join(', ')`, inayounganisha vyote kwa mkato, inafaa sana kwa kuonyesha tu: `Uyole, Isyesye, Mwanjelwa`. Kurudisha kwa `split(', ')` ndiko kulikogoma, maana "Igawilo, Mbeya" ina mkato ndani, ikakatika vipande viwili. Aliyeshauri `JSON.stringify` (hugeuza arei kuwa stringi) na `JSON.parse` (huirudisha), asante mno mkuu, imekubali.

Bado tarehe zinarudi zikiwa stringi. Kila moja lazima ipitishwe kwenye `new Date()` ili iwe tarehe tena. Pia `undefined` (thamani isiyowekwa) ndani ya arei inarudi `null`, wakati `join` huiacha tupu. Hapo pachungeni.