Iris Xe yenye RAM ya GB 16 au RTX 3050 yenye RAM ya GB 8: ipi inafaa kwa gemu na kurenda nyumba?

MchoraRamani
Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba mnisaidie kulinganisha laptopu mbili nilizoziona leo katika duka moja karibu na Makoroboi, hapa Mwanza. Ya kwanza ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 11, RAM ya GB 16, na grafiki ya Iris Xe iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Ya pili ina kadi ya grafiki inayojitegemea, RTX 3050 yenye GB 4, lakini RAM yake ni GB 8 tu. Bei zinapishana kwa laki mbili na nusu. Kinachonichanganya ni kwamba zote mbili zimebandikwa karatasi iliyoandikwa "Grafiki GB 8", na nilipomtaka muuzaji athibitishe, alifungua mipangilio ya skrini ya Windows, na kweli jumla ya kumbukumbu ya grafiki ilikaribia GB 8 kwa kila moja. Kazi yangu ni kuchora nyumba kwa Blender, programu ya michoro ya 3D, na kuzirenda, yaani kuzigeuza ziwe picha zinazofanana na halisi. Kwa sasa nina mteja anayejenga Luchelele, juu ya mawe, ambaye anataka kuiona nyumba yake ikiwa na ziwa kwa nyuma kabla hajachimba msingi. Usiku nacheza gemu ya mpira ya EA FC. Nichukue ipi?

FundiNyakato
Mkuu, muuzaji hakukudanganya, ila ameisoma namba bila kujua imetoka wapi. Windows hujumlisha vitu viwili: kumbukumbu iliyo mali ya kadi, na ile ambayo kadi inaruhusiwa kuazima kutoka kwenye RAM, ambayo kwa kawaida haizidi nusu ya RAM yote. Kwa Iris Xe, iliyo mali yake ni MB 128 hivi, na iliyobaki yote ni nusu ya zile GB 16. Kwa RTX ni GB 4 zake za kweli, ukiongeza nusu ya RAM ya GB 8. Fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya utendaji, ubofye GPU, yaani grafiki, utaona namba hizo mbili zimeandikwa kila moja peke yake. Tena hiyo ya kuazima haijatengwa pembeni. Ni kikomo tu, na programu nyingine huendelea kuitumia RAM hiyo hadi grafiki itakapoihitaji.

AbiriaWaKamanga
Mimi ningechukua ya Iris Xe, kisha niingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, niitengee grafiki GB 2 moja kwa moja. Nilifanya hivyo kwenye laptopu yangu yenye prosesa ya Ryzen, na gemu iliyokuwa inakataa kufunguka ikafunguka siku hiyohiyo.

FundiNyakato
Ilifunguka kwa sababu gemu nyingine hukagua namba hiyo kabla ya kuanza. Kasi haikuongezeka, kwa kuwa ni RAM ileile iliyobadilishiwa jina, na Windows ndiyo iliyopunguziwa. Isitoshe, laptopu nyingi za Intel hazionyeshi kipengele hicho kabisa.

DadaWaIgombe
Ndugu zangu, tumezungumzia ukubwa tukasahau kasi, na kwenye kasi ndiko hizi mashine mbili zinakoachana. Kipande kimoja cha RAM ya DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi pamoja hupitisha GB 51.2, na hizo grafiki ya ndani hugawana na prosesa. RTX 3050 ya laptopu yenye GB 4 za GDDR6, kumbukumbu ya kadi za grafiki, hupitisha takribani GB 192 kwa sekunde, peke yake.

Mwaka jana kaka yangu aliniletea laptopu yenye stika ya Iris Xe, lakini Windows ilikuwa inaiita Intel UHD. Tulidhani ni draiva, tukaipakua mara mbili na bando likaisha. Nilipofungua mfuniko wa chini nilikuta kipande kimoja cha RAM, na sloti ya pili ipo tupu, imejaa vumbi. Nilipochomeka cha pili, jina la Iris Xe likajitokeza lenyewe, kwa sababu Intel hulitoa pale tu RAM inapofanya kazi kwa njia mbili. Kwa hiyo ukienda dukani usiulize GB 16 tu, uliza ziko kwenye vipande vingapi.

MchoraRamani
Nashukuru sana, dada. Sasa, GB 4 za RTX zikijaa, si itaazima tu kwenye RAM kama mwenzake?

Kilimahewa3D
Itaazima, lakini kwa njia nyembamba. Iris Xe inaisoma RAM moja kwa moja, ilhali RTX inabidi ipitie PCIe, njia inayoiunganisha kadi na mashine, ambayo kwa kadi hiyo hutoa takribani GB 16 kwa sekunde mambo yakienda vizuri kabisa, yaani chini ya sehemu ya kumi ya kasi ya kumbukumbu yake. Kwenye gemu utaona picha inaganda kidogo kila unapogeuza kamera. Kwenye Blender, kazi iliyokuwa inaenda vizuri hupungua mwendo ghafla, au hukatika kwa ujumbe kwamba kumbukumbu imekwisha.

Wengi hujaza GB hizo 4 bila kujua. Picha ya mawe ya kufunikia mchoro, yenye pikseli 4096 kwa 4096 inaweza kuwa na MB 3 kwenye diski, lakini ikifunguliwa ndani ya kadi kwa baiti 4 kila pikseli hufikia MB 64. Ukiwa nazo 40, umekula GB 2.5 kabla hujaweka hata dirisha. Zishushe ziwe 2048 kwa 2048, kila moja itabaki MB 16, na zote 40 hazitafika GB 1. Mawe yaliyo mbali, kule ng'ambo ya maji, hakuna mteja atakayeyahesabu nyufa.

Jambo jingine, na kwangu ndilo linaloamua: injini ya Cycles, ile ya kurenda ndani ya Blender, haiikubali Iris Xe ya kizazi hicho, hivyo kazi yote ya kurenda itarudi kwa prosesa. Itakuwa na RAM yote ya kutumia na haitakatika ovyo, lakini utasubiri mno. Chukua RTX, ila hakikisha ina sloti ya RAM iliyo wazi.

AbiriaWaKamanga
Na MacBook Air ya M1, je? Wanasema kumbukumbu yake ni moja kwa kila kitu.

DadaWaIgombe
Ni kweli, na hupitisha karibu GB 68 kwa sekunde. Lakini ikiwa ya GB 8 utakufa nayo ya GB 8, kwani huwezi kuongeza. Na gemu zake ni chache.

MchoraRamani
Nimerudi na jibu. Leo asubuhi tumeifungua ile ya RTX palepale dukani: sloti mbili, moja tupu. Nimeichukua, nikaongeza kipande kingine cha GB 8, na picha za mawe nimezishusha kama Kilimahewa3D alivyoelekeza. Nyumba ya Luchelele sasa inatumia GB 2.7 za kadi na haigusi RAM. Tulipoiwasha mara ya kwanza baada ya kuongeza RAM, jumla ya kumbukumbu ya grafiki ilisomeka GB 11.9, na muuzaji akaniomba nisiifunge kwanza skrini hiyo, aipige picha ya kuweka kwenye tangazo.