Stoo ya matofali: baridi na maji ya mabati

Mkulima_Bahati: Wadau, stoo yangu ya matofali hapa Bahati, Nakuru, ni mita 3 kwa 4, kimo 2.5. Nataka kukuza miche ya nyanya humo kwa taa za LED. Usiku ni baridi, asubuhi mabati yanadondosha maji. Nianzie wapi?

Fundi_Njoro: Paa kwanza, kuta baadaye. Pigilia stairofomu (mbao nyepesi za povu za kuzuia baridi) ya milimita 50 chini ya kenchi, halafu nailoni nzito upande wa ndani, viungo vyote vizibwe kwa tepu. Ukiiweka nailoni upande wa mabati, mvuke utapenya stairofomu na kugeuka maji humo humo. Ukuta wa nje usipake rangi ya mafuta: tofali lenye unyevu lisipopumua, plasta hubanduka.

Miche_Kwanza: Chumba ni mita za ujazo 30, kwa hiyo feni ya kutoa 600 kwa saa hubadilisha hewa yote kila dakika 3. Feni juu, tundu la kuingiza hewa chini, ukuta wa mkabala, pana kuliko feni kwa sababu wavu wa wadudu hubana hewa. Usiku iwashe dakika chache tu, la sivyo joto lote linatoka.

Fundi_Njoro: Stairofomu hushika moto upesi. Nyaya zipite kwenye paipu, taa zisiiguse. Panya nao huitoboa, eti.