Hita mpya ya Land Rover Series III inapuliza uvuguvugu tu. Nianzie wapi?

Makete109

Habari zenu wakuu. Gari ni Land Rover Series III 109 ya petroli, injini ya 2286 cc. Imefungwa hita mpya ya maji, ina rejeta ndogo ya shaba na feni ya volti 12 yenye kasi mbili. Hakuna kinachovuja na maji yamejaa, ila hewa inayotoka ni ya uvuguvugu, na gari likishuka mteremko inakuwa baridi kabisa. Likipanda mlima kuna nafuu kidogo. Asubuhi mshale wa joto la injini haufiki katikati. Feni nayo ni dhaifu, taa zikiwashwa inazidi kulegea.

Mpira wa kupeleka maji umeungwa nyuma ya silinda hedi. Wa kurudisha umeungwa kwa tii (kiungo cha njia tatu) kwenye mpira wa juu wa rejeta. Huku Makete mwezi wa saba bila hita kioo kinajaa ukungu hadi saa tatu asubuhi. Naombeni mwongozo.

Mzee_wa_Spana

Mkuu, kabla hujalegeza nati yoyote, acha injini ipate moto, fungua koki ya hita hadi mwisho, kisha shika mipira miwili ya hita kwa mkono.

Yote miwili ikiwa ya moto hadi huwezi kuishikilia, maji yanazunguka vizuri na kosa liko upande wa hewa: kilango hakifungi, au sponji ya pembeni ya rejeta ndogo haipo na hewa inapita kando badala ya kupita kati ya mapezi. Wa kwenda ukiwa moto na wa kurudi baridi, maji yanapita kidogo mno: koki haifunguki yote, kuna hewa imenasa, au kutu imeziba tundu la kwenye hedi. Yote miwili ikiwa ya uvuguvugu, usiilaumu hita. Injini yenyewe haijapata joto.

Dalili zako zinaangukia hapo pa mwisho. Mteremkoni injini haifanyi kazi, joto lote linaishia kwenye rejeta kubwa. Fungua nyumba ya themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta kubwa hadi injini ipate joto, uone kama ndani kuna kitu. Magari mengi ya umri huo mafundi walishaitoa zamani kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Kwa Makete hoja hiyo haina mashiko hata kidogo, na injini inayotembea baridi inakula petroli, na petroli isiyoungua inateremka kwenye oili.

Makete109

Asante mkuu. Nimefungua, ndani ni tupu. Mipira yote miwili ni uvuguvugu, ule wa kurudi umepoa zaidi.

Injini_Baridi

Basi una makosa mawili yanayosaidiana, na ukirekebisha moja tu bado utalalamika.

La kwanza ni themostati. Weka ya nyuzi 82 na gasketi mpya. Ile yenye kijitundu cha kutolea hewa, kijitundu kikae juu. Ijaribu kwanza: ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha taratibu. Ianze kufunguka karibu na nyuzi 82. Angalizo kwa watu wa milimani: ukiwa mita 2,000 na kitu juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo huenda usiione ikifunguka hadi mwisho. Hiyo si mbovu. Ukiwa hapo angalia pia mpira mfupi unaotoka nyumba ya themostati kwenda wota pampu. Wapo wanaouziba. Usiuzibe, kwa sababu themostati ikiwa imefunga ndipo maji yanapozungukia.

La pili ni hiyo tii yako. Maji yanapita kwenye hita kwa sababu ya tofauti ya shinikizo tu. Kwenye hedi shinikizo ni kubwa, mdomoni mwa wota pampu ni dogo. Wewe umerudisha maji kwenye mpira wa juu, ambako bila themostati shinikizo linakaribia kulingana na la hedi, ndiyo maana mpira wa kurudi umepoa. Na ukiweka themostati ukaiacha tii hapo, hita itageuka njia ya uchochoro: maji yatakwepa themostati, yatapita kwenye hita na kumwagika juu ya rejeta kubwa hata kama themostati imefunga. Injini itaendelea kukosa joto na utadhani umeuziwa themostati feki.

Hamisha mpira wa kurudi uende upande ambao pampu inavuta: kwenye tundu la pampu yenyewe kama lipo, au tii kwenye mpira wa chini wa rejeta. Pima kipenyo cha ndani cha mpira kabla ya kununua tii, na tumia ya chuma au shaba. Za plastiki za kumwagilia bustani zinalainika kwa joto. Ukishatoa mpira kwenye hedi, pitisha waya kwenye tundu lake, mara nyingi kuna magamba ya kutu.

Waya_Mwekundu

Nizungumzie feni. Kulegea taa zikiwashwa ni umeme kupotea njiani. Washa injini, feni kasi ya juu, taa zote. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye waya mbili za mota. Betri ikionyesha 13.8 na mota 11, kuna volti karibu 3 zimeliwa na waya, swichi au ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri). Halafu weka ncha moja ya mita kwenye ethi ya mota na nyingine kwenye hasi ya betri, feni ikizunguka. Ikizidi volti 0.3, ethi ni mbovu.

Na kwa Land Rover ethi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mafenda ya mbele ni alumini, boliti ni za chuma, na kati yao panaota ukoga mweupe usiopitisha umeme. Usifunge ethi ya hita hapo. Ivute hadi kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, kwangua rangi, au peleka moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Kisha chukua umeme wa feni kwa relei (swichi inayowashwa kwa umeme): waya wa milimita za mraba 2.5 toka betri, fyuzi ya ampia 15 karibu na betri, pini namba 30 inapokea, 87 inakwenda upande wa feni, 85 ethi, 86 inatoka kwenye swichi ya ufunguo. Kwa kuwa feni yako ina kasi mbili, relei ilishe swichi ya kasi, si mota.

Kagua pia feni inazunguka upande gani. Feni ya ngoma (yenye vibapa vilivyozunguka kama pipa) ikizungushwa kinyume bado inapuliza upande uleule, ila kwa unyonge, na watu wengi hawashtuki. Kama mota ni ya sumaku ya kudumu, badilishanisha waya zake mbili, chanya na hasi.

Limuru_Bonde

Wameshamaliza, naongeza kutoa hewa tu. Ukishajaza, egesha gari pua ikitazama mlimani ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko hita. Koki wazi, kifuniko wazi, injini ikiwa baridi. Chomoa mpira wa kurudi upande wa hita, mimina maji kwa faneli kwenye mpira huo hadi yatokee kwenye bomba la hita bila mapovu, rudisha haraka na ukaze klipu. Washa injini, bonyabonya mipira huku ukiongeza maji, funga kifuniko kabla hayajachemka. Kesho yake, injini ikiwa imepoa, angalia tena, yatakuwa yameshuka.

Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji safi. Usiweke dawa ya kuziba rejeta. Tundu la kwanza itakaloziba ni la hita yako mpya.

Halafu tazama vilango viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Kama raba zake zimekauka, ukiwa kwenye mwendo zinaingiza baridi kuliko joto ambalo hita yoyote ya gari hilo inaweza kutoa.