Kufundisha utengenezaji wa ribosomu: bakteria au hamira?

Mpiga Chaki: Wakuu, wiki ijayo nina kipindi cha jinsi seli inavyotengeneza ribosomu (mashine zake za kuunda protini), kidato cha sita. Muda unatosha mfano mmoja tu. Nichukue E. coli au hamira?

Darubini: E. coli mkuu, usijitese. Haina kiini, kwa hiyo hakuna safari. RNA ya ribosomu ikiwa bado inanakiliwa kutoka kwenye DNA, protini zinaanza kuidandia hapo hapo. Kipande kidogo cha ribosomu yake, kiitwacho 30S, kina RNA moja na protini 21 tu. Mwaka 1968 Traub na Nomura walikiunda upya ndani ya mrija kwa kuchanganya vitu hivyo. Kisa hicho peke yake ni nusu kipindi.

Bi Maabara: Na mtihani ukiuliza usafirishaji? Chukua hamira. Protini za ribosomu zinatengenezwa nje ya kiini, kazi inayofanywa na ribosomu za zamani. Zinaingizwa ndani hadi kwenye nukleoli (sehemu ya kiini inakonakiliwa RNA ya ribosomu), zinakutana na RNA hiyo, kisha vipande viwili, 40S (kidogo) na 60S (kikubwa), vinatolewa kila kimoja kivyake kupitia vitundu vya utando wa kiini. 60S hutoka na protini iitwayo Nmd3, na Nmd3 hiyo ndiyo inayoshikwa na Crm1, protini inayofanya usafirishaji wenyewe. Ikishafika nje, Nmd3 lazima ivuliwe, maana imekaa pale pale 40S inapopaswa kushikana na mwenzake.

Mpiga Chaki: Mbona visiungane humo humo ndani?

Bi Maabara: Ribosomu iliyokamilika ndani ya kiini ingeweza kudaka mRNA (RNA inayobeba maelekezo ya protini) ambayo introni zake, yaani vipande visivyotakiwa, hazijakatwa. Protini ya hovyo hiyo.

Kazimoto: Nakazia hamira. Ikikua vizuri, seli moja hutoa ribosomu kama 2,000 kwa dakika! Ila kuna protini za usaidizi zaidi ya 200 ambazo hazibaki kwenye ribosomu. Ukianza kuzitaja majina, darasa zima litalala.

Darubini: Kwa usafirishaji nimekubali. Lakini siku wakiuliza dawa ya doksisaiklini inamkamatia wapi bakteria, utarudi kwenye 30S tu.

Mpiga Chaki: Basi hamira, 30S wataisoma nyumbani. Bi Maabara, nukleoli nichore ngapi?

Bi Maabara: Moja. Kwa hamira ina umbo la hilali, imeegemea utando wa kiini upande mmoja.