Wakuu, plasta ya kuondoa sugu hukaa siku ngapi? Jumatatu nina safari

Mwenda_Pole (mleta mada), Ijumaa saa 12 jioni

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa haraka kwa anayejua mambo ya miguu. Nina sugu chini ya unyayo wa kulia, pale kwenye mzizi wa kidole gumba. Ipo mwaka sasa, ngumu kama kipande cha soli. Nimenunua zile plasta za kuondoa sugu, zenye dawa katikati, ila karatasi ya maelekezo ililowana, haisomeki. Swali langu ni dogo tu: ukishaibandika inakaa siku ngapi ndipo uibandue? Jumatatu nasafiri kikazi siku 5, kazi ya kusimama, nataka niende mguu ukiwa safi. Haiumi, tusije tukaogopeshana. Asanteni.

Kisigino_Changu

Pole mkuu. Mimi tatizo langu lilikuwa kisigino. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua ya kwanza kama nimekanyaga msumari. Nikizunguka nyumba mara mbili maumivu yanapungua, nikikaa kidogo na kuinuka yanarudi. Nilijua nina mfupa umeota. Kumbe ni ule utepe mgumu unaotoka kisigino kwenda vidoleni, ulikuwa umechoka na kuvimba. Nikafundishwa kunyoosha msuli wa nyuma ya mguu kabla ya kusimama, na kuviringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Ilichukua karibu miezi 8, lakini sikuchomwa sindano hata moja. Jaribu hiyo chupa.

Fundi_Soli

Nimeshona viatu miaka mingi na nitasema bila kuficha: sugu ni kilio cha ngozi. Mahali panaposuguliwa na kugandamizwa, ngozi inajijengea ukuta. Ukiubomoa ukuta huku kiatu ni kilekile, utajengwa tena. Watu wananunua kiatu asubuhi mguu ukiwa mwembamba, jioni umevimba wanalalamika. Nunua jioni, simama nacho, hakikisha mbele ya kidole kirefu kuna nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Na wanaovaa vilivyochongoka kwa ajili ya urembo, vile vifundo pembeni ya kidole gumba mnavitafuta wenyewe.

Babu_Mcheshi

Mguu umesikia habari za kusimama siku 5, umeamua kuomba ruhusa mapema.

Mama_Wawili

Mimi naomba kuuliza hapahapa. Kati ya kidole cha nne na cha mwisho ngozi imekuwa nyeupe, imelainika, inawasha na ina harufu. Nilipaka dawa ya fangasi siku 4, ikapona, nikaacha. Imerudi na imehamia mguu wa pili.

Zamu_ya_Usiku

Mama_Wawili, uliacha mapema. Ngozi ikionekana nzuri fangasi bado wamo. Endelea kupaka kwa muda wote ulioandikwa kwenye boksi, mara nyingi wiki 2 hadi 4, na ukaushe katikati ya vidole kila unapooga. Soksi badilisha kila siku. Ikipasuka, ikatoa maji, au kucha zikianza kuwa nene na njano, nenda ukaonwe, maana ya kwenye kucha haiishi kwa krimu peke yake.

Sasa Mwenda_Pole. Mimi ni muuguzi, nafunga vidonda vya miguu karibu kila zamu. Plasta tuiweke pembeni kwanza. Hiyo sugu ni nzima au imefunguka? Kuna majimaji? Na kwa nini umesema unataka mguu uwe "safi"?

Mwenda_Pole

Asante dada. Imechubuka kidogo katikati. Kuna kakidonda, kama kifungo cha shati, kanatoa majimaji kidogo, si usaha. Hii ni wiki ya tatu. Kila usiku naloweka mguu kwenye maji ya moto na chumvi, kisha nakwangua kingo na wembe mpya ili kisikae na ngozi mfu. Nilidhani plasta itamalizia. Narudia, hakiumi hata chembe, ndiyo maana sijaona haja ya kwenda kupanga foleni.

Zamu_ya_Usiku

Wiki ya tatu, chini ya unyayo, hakiumi. Una sukari?

Kucha_Kali

Mimi ukucha wa gumba uliingia kwenye nyama, nikawa naukata pembeni kwa mviringo kila wiki, ukazidi kuzama. Kata kucha moja kwa moja, usizichimbe kwenye kona, jamani.

Fundi_Soli

Mleta mada umeulizwa swali na muuguzi, umenyamaza saa nzima. Jibu.

Mwenda_Pole

Nimekuja na swali la plasta, sasa nafunguliwa faili. Haya. Sukari ninayo, lakini ni ile kidogo, haijawahi kunilaza. Nilipimwa miaka 6 iliyopita. Vidonge nilimeza, nikajisikia vizuri, mwaka jana nikapumzika navyo. Nakula kwa kujizuia na natembea sana. Kwa hiyo naomba tusiunganishe mambo, sukari iko kwenye damu na sugu iko kwenye ngozi. Safari imeshalipiwa, tumepangwa wawili tu, nikikosa mimi mwenzangu hawezi peke yake. Nikirudi nitakwenda, nimeshaamua hivyo.

Zamu_ya_Usiku

Kaka, mguu haujui sukari kidogo. Kwanza sema, hicho kidonda kilianzaje? Siku ile hasa.

Mwenda_Pole

Sikutaka kulisema hili kwa sababu najua litachekwa. Siku hiyo nilivaa viatu vya kazi alfajiri, nikashinda navyo, nikapanda na kushuka ngazi kutwa nzima. Jioni navua, soksi imeganda kwenye unyayo. Nikakitikisa kiatu, kikaanguka kifuniko cha kalamu, cha mwanangu wa darasa la pili. Kimebonyea mpaka kimekuwa bapa, ile pini ya kukishikiza mfukoni imekatika. Ilikuwa imebaki kwenye ngozi, nikaitoa na kibano. Basi.

Sibabaiki

Chai. Tena chai ya rangi. Mtu mzima atembee kutwa na kifuniko cha kalamu chini ya unyayo, apande ngazi, kivunjike, kimchome, asisikie? Mimi punje ya mchanga ikiingia kwenye soksi navua kiatu njiani. Kwanza kilikuwa sugu, kikawa kidonda, sasa kuna sukari na kalamu, kesho tutaambiwa mguu ulikuwa wa jirani. Wakuu mnapoteza muda na mtunzi wa hadithi.

Babu_Mcheshi

Na mimi nilishaanza kutia shaka kwenye ile karatasi iliyolowana.

Kisigino_Changu

Sasa kama ni hadithi, mimi nimeeleza kisigino changu kwa nani?

Mwenda_Pole

Sina faida yoyote ya kutunga. Mke wangu ndiye aliyenishtua. Nilitoka kuoga, sakafu ikakauka, akaona alama ndogondogo za unyevu kutoka bafuni mpaka kitandani. Akazifuata akiwa na taa ya simu. Zote ni za mguu wa kulia, moja, nafasi, moja, nafasi, kila moja mahali palepale pa gumba. Nilikuwa nimelala, nikaamka ananishika mguu analia. Ndipo nikaenda kununua plasta, ili atulie. Anayetaka kuamini aamini.

Sibabaiki

Unaandika vizuri, ndiyo maana nazidi kutia shaka.

Zamu_ya_Usiku

Sibabaiki, umeshika palipo na ugonjwa ukaparuka. Ile sehemu usiyoiamini ndiyo inayonifanya nimwamini. Sukari ikikaa juu miaka, mishipa ya fahamu ya miguuni inakufa polepole, ikianzia vidoleni. Wengine wanaanza kwa kuchomwachomwa na ganzi, wengine hawasikii dalili yoyote, mguu unanyamaza tu. Nimewafungua watu viatu nikakuta jiwe, ufunguo, kipande cha soksi kilichokunjamana, na wao wamekuja kwa ajili ya homa. Mtu mwenye maumivu anachechemea, anaukwepa mguu, hivyo kidonda kinapumzika. Asiyesikia anakikanyaga kila hatua, na kila hatua inakifungua upya.

Mwenda_Pole, na wewe nisikilize. "Hakiumi" umeiandika mara mbili kama habari njema. Kidonda cha wiki tatu kilipaswa kukuuma. Ile plasta ina asidi ya kulainisha na kula ngozi ngumu, nayo haijui kuchagua. Itakula na nyama nzima, na wewe hutasikia inapokula. Maji ya moto hivyo hivyo, unaweza kuungua ngozi ukadhani ni vuguvugu. Wembe uache leo. Sugu yenyewe inaweza kuwa kifuniko tu, chini yake kuna shimo kubwa kuliko kifungo chako, na ndani yake huenda bado kuna kipande cha kalamu. Ni lazima mtu aliyefundishwa afungue aone, pengine na kupiga picha ya mfupa.

Sasa hivi kifunike kwa shashi safi na kavu, kaa, usikikanyage. Kesho asubuhi uwe kwa daktari, usisubiri Jumatatu. Na usiku huu huu toka mbio kama wekundu unapanda, mguu una joto kuliko mwenzake, umevimba, kuna harufu, usaha, ngozi imegeuka nyeusi, au unapata homa na kutetemeka.

Mwenda_Pole

Nimeshika miguu yote miwili. Wa kulia una joto zaidi kidogo. Lakini nilikuwa nimeukalia.

Jani_Kavu

Huwa nasoma tu humu, leo nimejisajili ili niandike. Baba yangu alianza na lengelenge la kiatu kipya. Alisema kama wewe, haliumi, nina shughuli, nitakwenda zikiisha. Zilikuwa siku 9. Tulipovua soksi, kidole kidogo kilikuwa na rangi ya mkaa na yeye anatuuliza mbona tunatazamana. Aliondoka na vidole viwili pungufu, na daktari akasema tuna bahati uozo haukupanda juu. Bado anaishi, anatembea, ila kila usiku mama anamkagulia nyayo kwa kioo, katikati ya vidole pia, na kila asubuhi anaingiza mkono kwenye kiatu kabla ya mguu. Kaka, mwenzako wa kazini atapata mtu wa kumsaidia. Usikalie huo mguu kutafuta sababu ya joto.

Fundi_Soli

Niliongea habari za viatu kana kwamba ndilo jambo lote. Hapa sina la kuongeza, nenda.

Kisigino_Changu

Na ile chupa ya barafu nimeifuta kwenye ushauri wangu. Asiyesikia baridi asiiguse.

Sibabaiki

Mimi bado sijaona ushahidi wowote hapa. Ila kama ni kweli, nenda hospitali.

Mwenda_Pole, Jumamosi saa 8 mchana

Wakuu, nimerudi. Sikulala. Saa 11 alfajiri wekundu ulikuwa umefika kwenye mgongo wa mguu, mke wangu akauzungushia alama ya kalamu, saa moja umevuka alama. Tukaondoka.

Daktari hakuanza na kidonda. Aliniambia nifumbe macho, atanigusa unyayo na kauzi kembamba ka nailoni, niseme "ndiyo" kila nikisikia. Nikafumba. Nikangoja. Nikamwambia, daktari niko tayari, anza. Akanyamaza. Nikafumbua macho nikamwona mke wangu ameziba mdomo. Alikuwa ameshagusa mguu wa kulia mahali 10 na nimesema "ndiyo" mara 2. Wa kushoto mara 5.

Walipoondoa sugu, shimo lilikuwa kubwa kama alivyosema dada, na kipande cha plastiki kilikuwemo, kidogo kama punje ya mchele. Picha ya mfupa wanasema kwa sasa haioneshi kuoza, ila itarudiwa, kwa kuwa mwanzoni inaweza isionekane. Nimewekewa dawa ya mshipani, sukari imepimwa na sitaitaja hapa. Nimepewa kiatu cha kunyanyua sehemu ya mbele na magongo mawili. Jumatatu ni siku ya kubadilisha shashi.

Nimepiga simu kazini. Nimewaambia naahirisha kwa wiki mbili. Daktari alisikia nikiongea, akasema hakusema wiki mbili.

Zamu_ya_Usiku

Magongo uyatumie hata kwenda chooni usiku. Hapo ndipo wengi wanadanganya.

Mama_Wawili

Pole sana kaka. Mimi nimerudi kwenye dawa yangu ya fangasi, leo siku ya kwanza.

Sibabaiki

Mwenda_Pole, huo uzi wa nailoni unauzwa, au mtu anaweza kuguswa na kitu kingine nyumbani? Nauliza kwa ajili ya mzee wangu.

Zamu_ya_Usiku

Mwenzake anaweza kumgusa ncha za vidole taratibu na ncha ya kidole cha mkono, macho yamefumbwa, kila mguu kidole gumba, cha katikati na cha mwisho. Asisukume, aguse tu sekunde moja au mbili. Akikosa viwili au zaidi, mpeleke. Asipokosa, akaonwe miguu angalau mara moja kwa mwaka kama ana sukari. Anayo?

Sibabaiki

Anayo. Anasema ni kidogo.