Nina sapu (mitihani ya kurudia) mbili Law School. Je, kuendelea na kazi ofisini kutaniharibia maombi kwa Jaji Mkuu?

Kijana wa Mwenge
Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza LL.B, nikaingia Law School, shule ya mafunzo ya uwakili hapo Sam Nujoma, fildi nimemaliza. Matokeo yametoka, nina sapu mbili: Maadili na Uandishi wa Nyaraka. Ofisi ya mawakili niliyofanyia fildi, ipo Kariakoo, imenibakiza nisaidie kazi. Nijiandae vipi na sapu? Na je, kuendelea hapo kunaweza kuniletea shida nitakapomwomba Jaji Mkuu aniandikishe kuwa wakili? Sipati usingizi.

Kalamu Nyeusi
Sapu ya uandishi haisomwi, inaandikwa. Kila siku andika nyaraka mbili kwa mkono, bila kufungua kitabu.

Kwenye hati ya madai kagua haya: jina la mahakama, wadaawa na anwani zao, sababu ya madai na lini ilitokea, aya ya mamlaka ya mahakama, thamani ya shauri, nafuu unazoomba, uhakiki wenye saini. Wengi wanaangukia kwenye aya ya mamlaka na ya thamani, maana wanaziandika mwisho wakiwa wamechoka.

Hati ya kiapo ibebe mambo anayoyajua muapaji mwenyewe. Ukichomeka hoja za kisheria, maombi au maneno ya kuambiwa bila kutaja aliyekuambia, aya hizo zinafutwa. Soma uamuzi wa Matovu wa 1966 mpaka ukae kichwani. Mwisho kabisa jurati, yaani sehemu ya kushuhudia kiapo: mahali, tarehe, jina la kamishna wa viapo (anayeshuhudia kiapo na kugonga muhuri), na kama anamfahamu muapaji au katambulishwa kwake na nani. Mahali pakikosekana, kiapo kizima kinaingia matatani.

Halafu notisi za masomo za waliokutangulia zitazame kwa uangalifu. Toleo la sheria la 2023 lilianza kutumika Julai 2025 na vifungu vingi vimehama namba.

Bint Temeke
Pole mdogo wangu. Usijione mjinga. Oktoba 2022 matokeo ya watu 633 wa Law School yalitoka, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, mpaka Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Ndumbaro, akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dkt. Mwakyembe. Vyuo vinatoa wahitimu wanaojua nadharia ya mkataba lakini hawajawahi kuandika mkataba hata mmoja. Hilo linaniuma, kwa sababu anayelipa ni mzazi.

Mzee wa Kisutu
Turudi kwa mleta uzi. Kubeba mafaili, kuandaa rasimu chini ya usimamizi wa wakili, kwenda masijala, hakuna Jaji Mkuu atakayekunyima uwakili kwa hayo. Mtu hakosi usingizi kwa kubeba mafaili. Unafanya nini hasa hapo ofisini?

Kijana wa Mwenge
Naandaa nyaraka, nasajili mashauri kwenye mfumo, nafuatilia tarehe. Kazi za kawaida tu mzee wangu.

Mzee wa Kisutu
Na muhuri anagonga nani?

Kijana wa Mwenge
Sawa, niseme. Kuna wakili tunachangia naye ofisi, ndiye anayeshuhudia viapo vyetu. Akisafiri anaacha muhuri, nagonga mimi na kuweka saini yake. Ameniruhusu mwenyewe.

Kuna mama wa Mbagala alishindwa Baraza la Ardhi la Wilaya, siku 45 za kukata rufaa zikampita, tukamwombea Mahakama Kuu nyongeza ya muda. Kiapo chake niligonga mimi. Sasa upande wa pili umeleta pingamizi la awali kwamba siku ile wakili alikuwa nje ya nchi. Bosi anataka niape kuwa nilimwona wakili akisaini. Nimeshamkubalia, bado kusaini tu.

Lakini jamani, yaliyoandikwa mle yote ni ya kweli. Mama alisoma, akaelewa, akasaini mbele yangu. Dalali wa mahakama alishabandika notisi mlangoni kwake, tusingeweza kusubiri mtu arudi safari. Na hili linafanyika ofisi nyingi.

Hoja Safi
Pingamizi hilo ni dhaifu. Tangu uamuzi wa kesi ya Mukisa Biscuit wa 1969, pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu. Kama wakili alikuwa nje ya nchi ni jambo la ushahidi, litahitaji pasipoti na mihuri ya uhamiaji. Lipingeni hivyo.

Kijana wa Mwenge
Asante sana mkuu! Kumbe hata kiapo changu hakihitajiki.

Kalamu Nyeusi
Usishangilie. Mukisa inaweza kuliondoa pingamizi, tuhuma inabaki palepale. Wataiweka kwenye kiapo kinzani na kuambatanisha ushahidi, kisha wataomba muapaji aitwe ahojiwe. Wa kwanza kuulizwa "ulisaini mbele ya nani?" ni yule mama. Atajibu kweli. Na wewe ukiwa umeapa tofauti, hilo ni kosa la kiapo cha uongo, kifungo chake kinafika miaka 7. Kanuni ya kupuuza kasoro ndogo za kiufundi iliyoletwa na marekebisho ya 2018 inaokoa jurati iliyosahau kitu, haiokoi ushuhuda ambao haukufanyika.

Mama Ibada
Mwanangu, wewe unaomba kuwa ofisa wa mahakama. Muhuri ule ni wa kuaminiwa, na umma ndio unaouamini. Ruhusa ya mwenye muhuri si kitu, kwa kuwa hata yeye hana mamlaka ya kuugawa.

Jicho la Tatu
Naomba tusimame kidogo. Sheria inamkataza wakili kushuhudia kiapo kwenye shauri analowakilisha au lenye maslahi kwake. Ofisi inayojua kazi isingefanya hivyo. Na mleta uzi ana sapu ya Maadili. Hili ni swali la mtihani, ametuletea tumfanyie.

Bint Temeke
Hata mimi nimeanza kuona hivyo.

Kijana wa Mwenge
Si swali la mtihani. Nimesema tunachangia ofisi: mlango mmoja, karani mmoja, ila kila wakili na kampuni yake na leseni yake. Aliyesimamia shauri ni bosi, mwenye muhuri ni huyo mwingine. Kwenye jurati mahali niliandika "Dar es Salaam", na hilo ndilo limetuponza, kwa sababu siku hiyohiyo alikuwa na mkutano Nairobi na picha zake zipo mtandaoni.

Mzee wa Kisutu
Liwe swali au lisiwe, jibu halibadiliki. Usisaini. Leo hii tafuta wakili asiye na uhusiano na ofisi hiyo, umweleze yote ana kwa ana, na hapa usiongeze neno.

Kuhusu mama, njia yake ni kuomba mahakama imruhusu kuondoa maombi na kuyaleta upya, na kiapo kipya akile mbele ya kamishna aliyekaa naye meza moja. Lakini kila siku ya kuchelewa, hata moja, itabidi itolewe maelezo, na hizi mnazopoteza sasa zitaingia humo. Usimamishaji wa utekelezaji wa hukumu uombwe kando, mapema. Mama ana haki ya kuambiwa haya, na ya kutafuta wakili mwingine.

Kijana wa Mwenge
Bosi anapiga simu tangu asubuhi. Mama anakuja saa nane. Nikisema sisaini, nimwandikie bosi vipi?

Kalamu Nyeusi
Kwanza mwonyeshe wakili wako. Sentensi moja: "Sitaweza kuapa kiapo nilichoombwa, kwa kuwa sikumwona wakili akisaini hati hiyo." Usieleze zaidi, usimtaje mtu mwingine. Tarehe, saini, baki na nakala. Na funguo za droo ya muhuri zirudishe mbele ya karani, akuandikie kuwa amezipokea.