Tupeane uzoefu: umeipangaje menyu ya programu kwenye Linux yako?

Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu wa kupanga menyu ya programu katika Linux (mfumo endeshi wa kompyuta), hasa kwa wanaowaandalia kompyuta watu wengine. Naanza na yangu.

Mama yangu hutunza hesabu za kikoba chao kwa Linux Mint (aina mojawapo ya Linux) yenye Xfce, yaani mazingira yanayoonyesha menyu na madirisha, na kila alipofungua menyu alikutana na majina yasiyomwambia kitu. Kila programu huingia kwenye menyu kupitia faili dogo la maandishi lenye kiishio cha .desktop, nami nilifungua la LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu, katika folda ya mfumo /usr/share/applications, nikaongeza mstari huu:

Name[sw]=Hesabu za Kikoba

Kwa kuwa kompyuta yake imewekwa lugha ya Kiswahili, jina hilo lilitokea, akalibonyeza bila kuniuliza. Baada ya programu kusasishwa, faili liliandikwa upya, naye akanipigia simu kwa hofu kwamba hesabu za wenzake zimepotea. Nanyi je?

Mchangiaji wa kwanza:
Mfikishie mama shikamoo yetu. Faili la mfumo liache kama lilivyo. Linakili katika ~/.local/share/applications (alama ~ ni folda binafsi ya mtumiaji) kwa jina lilelile, kisha uhariri nakala, kwa sababu nakala ya mtumiaji ndiyo inayotangulizwa na usasishaji hauigusi. Huko huko unaweza kuandika NoDisplay=true ili kuificha programu asiyoihitaji. Mimi sikulijua hilo, nikaiondoa kabisa programu moja, ikaondoka pamoja na nyingine zilizoitegemea.

Mchangiaji wa pili:
Kwa asiyependa kuhariri maandishi, MenuLibre, programu ya kuhariri menyu, inatosha. Mimi nilisumbuka jioni nzima na programu niliyoiweka katika folda niliyoiita «Programu Zangu»: ikoni ilionekana vizuri, lakini nikiibonyeza hakuna kilichofunguka. Tatizo lilikuwa ile nafasi kati ya maneno mawili, kwani katika mstari wa Exec, unaotaja amri ya kufungua programu, njia (anwani ya faili) yenye nafasi lazima ifungwe kwa alama za kunukuu.

Mwanzisha mada:
Nashukuru sana. Nimenakili faili jana usiku, nikaficha programu kumi na moja, na leo asubuhi mama ameingiza michango ya wiki peke yake. Ameomba kikokotoo nacho kiandikwe kwa Kiswahili.